Ekari ya Nafula

Wiki iliyopita nilinunua kamba ya ngozi ya kufungia nira sokoni Kitale, na mimi sina ng'ombe. Sina hata mbuzi. Ninaishi mtaa wa Tuwan, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo ua wake hautoshi kuku watano bila majirani kulalamika. Lakini nilipita upande ule wa soko wanakouza majembe, mipini na vyuma vya plau, nikanusa harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi: ngozi iliyokaushwa juani, ikakatwa vipande virefu, ikapakwa mafuta ya ng'ombe mpaka ikalainika. Ni harufu nzito, nusu ya jikoni na nusu ya zizini. Miguu ikasimama yenyewe. Mwuzaji akaniuliza nina jozi ngapi za ng'ombe. Nikamwambia mbili, uongo mtupu, nikalipa nikaondoka na kamba yangu mkobani juu ya nyanya.

Jioni mume wangu aliiona akauliza ni ya kumfunga nani. Sikumjibu. Ninyi nitawajibu, maana hamnijui na hamtanicheka mezani. Harufu ile ni ya Matulo, na Matulo ndiko nilikojifunza wivu. Sisemi wivu wa mtoto anayetamani peremende ya mwenzake. Nasema kijicho chenyewe, kile kinachokaa kooni hata chai haishuki, na mimi nilikuwa nacho nikiwa na miaka kumi.

Baba yangu alikuwa dereva wa trekta katika mashamba makubwa ya nje ya Kitale. Watu wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Nyeri kabla sijazaliwa, ndiyo maana naitwa Njeri. Mama alitoka Matulo, karibu na Webuye, kule Bungoma. Siku moja mwajiri wa Baba aliamuru stoo ya zamani isafishwe, vitu vyote vichomwe. Baba akanusuru vitu viwili: taa ya karabai ambayo haikuwaka tena hata siku moja, na kamusi kubwa ya Kiingereza iliyoliwa na mchwa pembeni. Kamusi akanipa mimi. Ilikuwa nzito hata nikiipakata miguu inakufa ganzi. Haikuwa kamusi ya kukupa maana tu ukaenda zako. Kila neno ilikueleza lilizaliwa wapi, lilipita kwa nani, lilikuwa na sura gani kabla ya kufika kwetu.

Nilianza kusoma kutoka mwanzo, kama mtu anayesoma hadithi. Sikufika mbali. Nilifika neno "acre" nikakwama hapo, kwa sababu hilo nililijua. Kitale nzima ilikuwa inazungumza ekari. Mtu akioa waliuliza ana ekari ngapi, mtu akifa waliuliza ameacha ekari ngapi, na Baba alirudi jioni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope akisema leo nimelima ekari kumi. Mimi nilidhani ekari ni neno letu. Kumbe kamusi ilisema ni neno la kale kabisa la Waingereza, na zamani liliandikwa kwa herufi a na e zilizogandana kama ndizi pacha. Mwanzoni halikuwa kipimo. Lilikuwa na maana ya ardhi wazi tu, mahali pa kulima. Baadaye likawa ni kiasi cha ardhi ambacho nira moja ya ng'ombe inaweza kulima kwa siku. Baadaye zaidi mfalme fulani akalifunga kwenye sheria, likapewa urefu na upana. Tena kamusi ilisema kwamba kipande hicho kilikuwa kirefu na chembamba, kwa sababu kuwageuza ng'ombe ndiko kunakochosha, basi mkulima alitaka kuwageuza mara chache.

Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha hivyo. Nilikunja kona ya ukurasa. Nilimwambia mwalimu wangu, akasema vizuri, kaa chini. Niliwaambia wenzangu, wakaniuliza kama litakuja kwenye mtihani. Baba alisema trekta haichoki, na akalala. Basi nikaamua kwamba mtu pekee duniani anayestahili neno langu ni Kuka. Kuka ndivyo Wabukusu wanavyomwita babu, na huyo wangu alikuwa mzazi wa Mama, mzee mrefu mwenye masikio makubwa, aliyelima kwa ng'ombe maisha yake yote. Nilimwona nikilala na nikiamka: mimi nasoma, yeye anashangaa, mkono wake mkubwa uko juu ya kichwa changu.

Likizo ya Aprili nilipelekwa Matulo na kamusi yangu imefungwa kwenye leso.

Huko alikuwako Nafula. Nafula alikuwa mtoto wa dada yake mama yangu, yaani kwa mila yetu ni dada yangu hasa. Mama yake alifariki Nafula akiwa mdogo, na baba yake hakujulikana, au alijulikana lakini hakutajwa. Alilelewa na Kuka tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, mwembamba, mweusi wa kung'aa, hana maneno mengi. Shule alikuwa anakwenda siku ambazo ng'ombe hawakumhitaji, kwa hiyo kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha.

Nitawaambia nilichoona siku ile ya kwanza, mnisamehe au msinisamehe. Niliona Kuka akinywa uji nusu kikombe, kisha bila kuangalia akanyoosha mkono upande, na Nafula akakipokea akamalizia. Kikombe kile cha bati hakuna aliyekigusa, hata mjomba wangu Wanjala, ambaye alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Niliona Nafula akipiga mluzi mara moja tu, na ng'ombe wawili wakubwa wakainua vichwa. Niliona Kuka akimwita "mkono wangu". Mimi aliniita mgeni. Alinikumbatia, akanichinjia kuku, akanipa firigisi, na bado aliniita mgeni. Roho iliniuma mpaka firigisi ikawa haina ladha.

Siku ya pili, baada ya chai, nilifungua leso. Nikamsomea Kuka neno langu, kwanza kwa Kiingereza ili asikie uzito wake, kisha nikamweleza kwa Kiswahili. Nafula alikuwa ameketi chini akipaka kamba za nira mafuta, ile ile harufu niliyoikuta sokoni. Kuka alisikiliza kichwa kikiwa upande. Nilipofika kwenye nira moja na siku moja, alicheka taratibu, kicheko cha kifuani.

"Kumbe Mzungu naye alikuwa na ng'ombe," akasema. Kisha akamgeukia Nafula. "Mwambie mgeni ekari ni nini."

Nafula hakuinua hata uso. "Ni pale ng'ombe wanakataa," akasema.

Basi, hayo tu. Mimi nilikuwa nimebeba kitabu kizito kama jiwe la kusagia kutoka Kitale, nimebeba neno lenye umri mkubwa kuliko kanisa, na huyu mtoto asiyeweza kusoma kichwa cha gazeti alikuwa nalo tayari mfukoni. Kuka akamwambia vizuri. Halafu akaniambia mimi pia vizuri, lakini nilisikia tofauti. Mtoto mwenye wivu ana masikio ya popo.

Sasa niwaeleze desturi moja ya nyumba ile. Mashamba ya Kuka hayakuwa na nambari. Kila kipande kilikuwa kirefu na chembamba kama mshipi, ukubwa ambao ng'ombe wake waliumaliza kati ya alfajiri na jua la kati, na kila kipande kiliitwa kwa jina la mtu aliyewaongoza ng'ombe siku ardhi ile ilipovunjwa mara ya kwanza. Kulikuwa na kwa Wanjala, ambaye ni mjomba wangu akiwa kijana. Kulikuwa na kwa Nasimiyu, ambaye ni mama yangu! Sikuwahi kujua kwamba Mama aliwahi kushika kamba ya ng'ombe. Watu walisema tukutane kwa Nasimiyu, au nguruwe wameingia kwa Wanjala, na hawakuwa wanazungumza juu ya watu. Lakini sharti lilikuwa moja. Kipande kilipimwa na kuwekewa vigingi siku iliyotangulia, na jua likifika kati ng'ombe wanafunguliwa, wamemaliza hawajamaliza. Kama hawakufika kwenye kigingi, ardhi haikupewa jina. Ilingoja msimu mwingine na kiongozi mwingine.

Mwaka ule kulikuwa na ardhi ngumu karibu na kijito, majani matupu na mizizi, haijawahi kuguswa. Mvua ilikuwa imeilainisha. Kuka alikuwa ametangaza kwamba itavunjwa, na mbele ya ng'ombe atasimama Nafula.

Watu hawakupenda. Nilisikia mke wa mjomba akisema na jirani jikoni kwamba mtoto wa binti ni mgeni anayekula vizuri tu, leo apewe jina la shamba, kesho atasema ni lake. Mimi nilisikia nusu ya kwanza nikafurahi. Nusu ya pili haikuniingia. Nilichojua ni kwamba miaka yote ijayo watu watasema kwa Nafula, kwa Nafula, na hakuna mahali popote duniani watakaposema kwa Njeri.

Nilimwendea Kuka nikamwomba aniachie mimi. Hakukataa. Aliniambia nijaribu, akanipa kamba ya Doti. Doti alikuwa ng'ombe mzee wa mbele, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, na ndiye aliyemfundisha kazi mwenzake, na hata jozi ya jirani. Nikavuta. Doti akaniangalia kama karani anayeambiwa ofisi imefunguliwa kabla ya saa. Nikapiga mluzi, mate yakatoka. Nikavuta tena, naye akachukua hatua moja polepole na kukanyaga kiatu changu cha shule, kikabaki kwenye matope. Mjomba alicheka akashika kiuno. Nafula hakucheka. Alikichomoa kiatu, akakifuta kwa majani, akanipa. Kama angecheka nadhani ningemsamehe.

Alasiri ile Kuka na Nafula walikwenda kupima. Kuka alipima kwa miguu yake, hatua thelathini za upana, na urefu mpaka kijitoni. Wakapigilia vigingi vinne vya mti mbichi. Mimi nilikaa kwenye kichuguu nikihesabu. Kisha wote wakaenda kwa jirani kuleta jozi yake, kwa sababu ardhi mpya ilihitaji ng'ombe wanne na wawili walikuwa wa jirani, ambaye Kuka alikuwa akiazimana naye ng'ombe kwa zamu kila msimu. Mimi nilibaki, ati ninasoma.

Nilivichomoa vigingi viwili vya upande wa mbali. Viligoma kwanza, nikavitikisa kama jino bovu. Nikavihamisha hatua kumi zangu kila kimoja, nikavipigilia kwa jiwe, nikajaza mashimo ya zamani udongo na kufunika kwa nyasi. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Sikuwa na hasira, hilo ndilo ninaloliona aibu. Nilikuwa mtulivu kabisa. Nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba nira ina kiasi chake kwa siku, na nilijua ukiongeza kiasi jua litafika kabla ya kigingi. Elimu yangu yote niliitumia hapo.

Asubuhi walianza kabla ya jogoo kunyamaza. Mjomba Wanjala alishika plau, Nafula akatangulia na kamba ya Doti begani, miguu mitupu, gauni limefungwa mapajani. Kuka alikaa juu ya kigoda chake mwanzoni mwa shamba na fimbo yake. Ardhi ile ilikuwa inapasuka kwa sauti, mizizi inakatika kwa chini kama nguo inayochanwa. Walikwenda mpaka kijitoni, wakageuka, wakarudi. Kila wakirudi Nafula alipita mbele yangu na sikuweza kusoma chochote usoni mwake. Saa tatu waliletewa uji, akanywa akiwa amesimama, mkono mmoja shingoni kwa Doti.

Jua lilipopanda niliona mambo yanaharibika. Ng'ombe walianza kutoa ulimi. Povu likamwagika. Mjomba akaanza kuwapigia kelele, kitu ambacho Kuka hakukipenda, na udongo uliopinduliwa ulikuwa umefika mbali, umefika mbali sana kuliko siku nyingine, lakini kigingi kilikuwa bado kule. Nafula aliangalia jua, akaangalia kigingi. Alivuta kamba tena.

Hapo ndipo Doti alipopiga magoti. Hakuanguka. Aliinama polepole, goti moja, la pili, akaweka kidevu chini kwenye udongo mpya, akavuta pumzi ndefu. Nira ikamvuta mwenzake kichwa chini. Mjomba akainua kiboko.

"Acha," Kuka akasema.

"Baba, si kigingi ni kile pale? Bado kidogo tu tumalize."

Kuka aliinuka. Alikwenda mpaka mahali walipoanzia, akageuka, akaanza kutembea kuvuka udongo uliopasuliwa, hatua zake ndefu, akihesabu kwa sauti ya chini kwa Kibukusu. Mimi nilihesabu naye moyoni kwa Kiingereza. Alipofika ishirini na tisa alikuwa ubavuni mwa Doti. Thelathini akasimama, akachokoa nyasi kwa fimbo yake, na nyasi zikatoka bila mizizi. Chini yake kulikuwa na shimo langu.

Kuka hakuniangalia. Alimfungua Doti nira kwa mikono yake mwenyewe.

"Kigingi unaweza kuhamisha," akasema. "Doti huwezi. Ekari ya Nafula imeishia hapa."

Kisha akainyoosha fimbo kuelekea kile kipande chembamba kilichobaki, kutoka kwenye shimo mpaka kwenye kigingi, hatua zangu kumi za majani kutoka juu hadi kijitoni.

"Na hicho ni cha Njeri. Atalima mwenyewe."

Mnajua ule msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe siku ya saba, na lilikuwa jembe la kweli. Hakuna aliyenichapa. Ningependa wangenichapa, yakaisha. Nililima siku tatu. Mizizi ile iliyokatika mbele ya plau kama uzi, mbele ya jembe langu ilikuwa nyaya. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Siku ya pili asubuhi Nafula alikuja na jembe lake akaanza upande wa pili. Nililia kwa hasira. Nilitaka anitukane. Alinisaidia, na kila alipolima hatua mbili mimi nilikuwa nimelima moja, nikamwonea wivu hata kwenye adhabu yangu. Tulipomaliza tukapanda marando ya viazi vitamu, kwa sababu mbegu nyingine hazikubaki. Jioni ile mke wa mjomba alimtuma mtoto wake akate majani kwa Njeri. Alisema "kwa Njeli", jinsi wanavyosema wao, kwa ulimi wao laini. Nilikuwa nyuma ya ghala. Nilisikia, na ninakiri kwamba mahali fulani ndani ya aibu ile nilifurahi.

Niliporudi Kitale nilifungua kamusi, nikakuta ukurasa wa neno langu haupo. Umekatwa vizuri karibu na uzi. Nilimpiga mdogo wangu makofi mawili. Aliapa kwa Mungu, nikamwongeza la tatu. Baadaye nikawalaumu mchwa, ingawa sijawahi kuona mchwa anayekata kwa mstari ulionyooka.

Niliendelea kwenda Matulo, kisha nikaenda mara chache, kisha kwa mazishi tu. Kuka alikufa akiwa mzee kiasi kwamba watu waliimba kuliko walivyolia. Nafula aliolewa, ikashindikana, akarudi na watoto wawili, akaendelea kulima. Mimi nilikuwa mwalimu. Kila mtu alisema nimefanikiwa, na mimi niliwaamini, isipokuwa zile siku nilipomwona.

Mwezi uliopita ardhi ya Kuka iligawanywa. Mpimaji alikuja na mashine yake ndogo inayoongea na setilaiti, tukakusanyika wote kuanzia wazee mpaka wajukuu. Watoto wa mjomba Wanjala, wanaume wazima sasa, walisimama wakasema kwa adabu kwamba kipande cha kijitoni kirudi kwao. Ati Nafula ni mtoto wa binti, tena wa binti aliyekufa bila kuolewa, na hakuna karatasi yoyote inayomtaja. Walisema kweli, karatasi haikuwako. Nafula alikuwa amesimama na watoto wake, mikono imekunjwa, uso ule ule wa siku ile nisioweza kuusoma. Kama angekosa kipande kile hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mzee jirani, yule ambaye baba yake alikuwa anatuazima ng'ombe, aliinuka kwa shida akaegemea fimbo.

"Tangu mimi kijana, hapa panaitwa kwa Nafula," akasema. "Baba yenu mwenyewe ndiye alishika plau. Sasa mnataka mimi niite kwa nani?"

Mwingine akasema ndiyo, ni kwa Nafula. Mke wa mjomba, mzee sasa, hana meno, yule yule wa jikoni, akasema ni kwa Nafula. Wanawe wakaangaliana. Wao wenyewe walikuwa wamekua wakisema tunakwenda kuogelea kwa Nafula. Mmoja akainamisha kichwa, akamwambia mpimaji aandike.

Mimi nilitafuta mahali pa kukaa. Miaka yote ile nilidhani nilitaka kumnyima sifa. Mtoto anataka jina lake liitwe, basi. Kuka alijua vizuri zaidi. Alijua atakufa, alijua hana karatasi ya kumwachia mtoto yule, akamwachia midomo ya watu. Alitaka kijiji kizima kiseme kwa Nafula mpaka kisiweze kusema kitu kingine. Na mimi, kwa vigingi viwili na jiwe moja, nilikaribia kumfukuza dada yangu kwake kabla hajafika miaka kumi na mbili.

Mpimaji akasoma mashine. Kipande cha Nafula kilikuwa kama robo tatu ya ekari. Ng'ombe wa Kuka hawakuwa wamesoma sheria ya yule mfalme. Na hiki chembamba kando, akauliza, ni cha nani? Watu wakasema kwa pamoja, "kwa Njeri." Akasema ni kidogo mno kupata hati peke yake. Lakini kikiunganishwa na cha Nafula, vyote viwili vinakuwa ekari moja kasoro kidogo. Akaniambia nitie sahihi hapa kumwachia Nafula.

Mwanamke mzima, mwalimu, mwenye pensheni inayokuja, nikashika kalamu juu ya kipande cha ardhi ambacho sijakilima tangu nikiwa na miaka kumi, nikasikia kile kitu kooni. Nikatia sahihi. Baadaye, watu walipokwenda kula, Nafula aliniita pembeni chini ya ukingo wa paa la jiko. Nikamwambia kile ambacho sikuwahi kusema, kwamba ni mimi niliyehamisha vigingi.

"Najua," akasema. "Niliona mashimo alfajiri, hata kabla tufunge nira. Ulifunika na nyasi mbichi, na umande haukuwa juu yake."

Nikamwuliza mbona hakusema.

"Wewe ulikuwa unarudi Kitale. Mimi ndio nilikuwa nabaki. Ningeanza kusema mgeni wa Kuka ni mbaya?" Akainua mabega. "Nilijua Doti atasema."

Kisha akaingia ndani akatoka na Biblia yake. Katikati ya Zaburi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imekuwa rangi ya chai. Nikaijua kabla hajaikunjua. Kona yake moja ilikuwa na mkunjo wangu. Nafula aliniambia aliikata kwa wembe siku nilipoondoka. Hakuweza kuisoma. Alikuwa ameisikia nikimsomea Kuka, akamwona Kuka akicheka kile kicheko cha kifuani, na yeye hakuwahi kumchekesha hivyo hata siku moja. Basi alitaka awe na kile kilichomchekesha.

Nilimwomba anirudishie. Nilidhani ni haki, maana nilikuwa nimetia sahihi saa hiyo hiyo.

"Wewe bana," akasema, akaikunja tena mara nne. "Ukurasa huu ni wangu."

Kamba ya ngozi nilimnunulia yeye, kusema kweli. Bado analima kwa ng'ombe, na jozi yake ya mbele ameiita Doti na Kitale. Nitaipeleka shule zikifungwa, nikishaacha kuinusa. Kamusi ninayo kabatini, inaruka kutoka neno moja hadi jingine na pengo katikati. Wanangu wakiniuliza ekari ni nini siifungui. Nawaambia wangoje twende Matulo, wakamwulize mama yao mkubwa. Mwaka jana walikwenda, akawapa kamba ya Doti, na Doti akatembea nao. Walirudi wakimsifu wiki nzima, mama mkubwa hivi, mama mkubwa vile, na mimi nilikuwa jikoni nikiwapakulia chakula, roho ikiniuma.